Jembe gani litaweza mawe ya Goma? Naomba ushauri

Jambo wandugu. Naomba ushauri wa wale wanaolima shamba dogo la nyumbani hapa Goma, hasa walio kwenye mawe ya volkano. Kwangu ukichimba kidogo tu unagonga lava, ile iliyoshuka kutoka Nyiragongo mwaka 2002. Nalima lengalenga, sombe na vitunguu.

Majembe ya bati jembamba yanayouzwa sokoni yanapinda mdomo haraka, na tundu la mpini likiwa limeungwa kwa kuchomelewa, linaachia palepale kwenye kiungo. Rangi inang'aa sana, lakini rangi hailimi! Ninavyojua, chuma kilichofuliwa kipande kimoja pamoja na tundu lake kinavumilia zaidi. Fundi mmoja ananiambia atanifulia jembe kwa resori (springi) ya gari kuukuu. Chuma hicho ni kigumu kweli, ila nasikia kikipoozwa vibaya kinakuwa kama kioo, kinavunjika kwenye jiwe. Mnunuzi atajuaje kabla ya kulipa? Kukigonga na kusikiliza mlio kunatosha?

Halafu mpini: mkaratusi uliokauka vizuri, au kuna mti bora? Ule mbichi unasinyaa, jembe linaanza kucheza.

Reki na panga zinaweza kungoja. Kwa mawe, je, ninunue sululu kwanza au jembe la meno? Nina dola 30, na afadhali kitu kimoja kizuri kuliko vitatu vya kutupa. Mama zangu mnaolima Kibumba na Rutshuru, nyinyi mnatumia nini?