Tupeane uzoefu: kamera ya kuzama majini au mirolesi ya kuanzia, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Mwanamwani, Mikindani

Habari za jioni wadau, wakubwa shikamooni. Nina hela ya msimu wa korosho, sehemu yangu ya shamba la marehemu baba, na safari hii sitaki yote iishie kwenye bati na saruji. Nataka kamera.

Kazi zangu ni mbili. Asubuhi za bamvua niko Naumbu na kina mama wa mwani. Nawapiga picha wakifunga mbegu kwenye kamba, maji magotini, siku nyingine kiunoni. Kikundi kinazihitaji kuwaonyesha wanunuzi. Jumamosi jioni napiga harusi, na likizo zikifika, wali (watoto wa jando na unyago) wanapotoka. Kote huko nimekuwa nikitumia simu. Ya kwanza ilifia Naumbu. Nilikuwa nimeishika mkononi, likaja wimbi dogo tu, chumvi ikaingia kwenye tundu la chaji. Ndani yake kulikuwa na picha za bi mkubwa mmoja aliyefariki mwezi uliofuata. Familia ikaniomba hata moja ya kuweka ukutani, sikuwa nayo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nimechambua nikabakiwa na mbili. OM System TG-7, ndogo ya kuingia mfukoni, inashuka mita 15 bila kuvishwa kitu. Ya pili Canon EOS R100 na lenzi yake ya 18-45, hizi mirolesi, yaani za kubadilisha lenzi zisizo na kioo ndani. Zote zilitoka 2023, na kule Marekani zilitangazwa kwa bei za jirani, dola 549.99 na dola 599.99. Kwa hiyo bei hainisaidii kuamua. Aliyewahi kumiliki mojawapo, au ndugu yake, aniambie ilimtendea nini huku kwetu, kwenye chumvi hii na joto hili.

Mzamiaji wa Msimbati

Dada, pole sana kwa hilo la bi mkubwa. Mimi ninayo TG-5, kaka wa hiyo unayoitaja, tangu 2018. Naongoza wageni Ruvula, kwenye matumbawe ya Ghuba ya Mnazi, na imeshuka na mimi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Nianze na uzuri wake. Huna haja ya kufikiria maji. Unaruka nayo kutoka kwenye mashua, unapiga, unapanda, unaendelea na mambo mengine. Halafu inaweza kupiga kitu kilicho sentimita moja mbele ya lenzi. Nimepiga jicho la pweza ndani ya tundu lake mpaka unaona ule mstari mweusi wa katikati. Mgeni mmoja mwenye kamera kubwa alikaa juu ya mashua akitazama picha ile kwa muda mrefu bila kusema neno.

Sasa rangi. Maji yanakula wekundu kwanza. Ukifika mita tano kanga nyekundu inaanza kuwa ya kahawia, ukizidi kushuka inakaribia weusi. Kamera ina mpangilio wa chini ya maji wa kurudisha wekundu, ila haiwezi kurudisha kisichofika kwenye lenzi. Dawa ni kusogea karibu kabisa ili maji kati yako na kitu yawe machache. Kwako wewe maji ya magotini hilo halitakusumbua. Kitakachokusumbua ni kusi, mchanga unaelea, na ukiwasha flashi kila chembe inang'aa kama nyota. Zima flashi. Subiri kusi itulie, kabla mto Ruvuma haujaleta tope lake, utaona maji ya kioo.

Na hili nakwambia kwa uchungu. Mwaka wa pili kidogo niizike. Nilikaa ufukweni, vidole vina mchanga, nikafungua mlango wa betri kubadilisha kadi, nikafunga. Punje moja ilibaki juu ya mpira wa kuzuia maji. Nilipofika kama mita nne nikaona mapovu madogo yanatoka ubavuni mwa kamera. Nilipanda haraka, nikatoa betri, ikapona baada ya kukaa kwa fundi wiki mbili. Tangu siku ile sheria yangu ni hii: ikitoka baharini inaingia kwenye beseni la maji ya bomba, inakaa humo, inafutwa kwa kanga kavu, na mlango haufunguliwi mpaka niko ndani ya nyumba, mikono mikavu, mbali na upepo. Tena inazama kama jiwe. Ifunge boya kwenye kamba ya mkono.

Mpigapicha, Lindi mjini

Nakubaliana na kaka wa Msimbati kuhusu bahari. Lakini dada amesema harusi, na hapo mimi nina la kusema.

Natumia Sony a6000, mirolesi ya 2014, niliinunua mkononi kwa mtu. Sensa yake, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ni milimita 23.5 kwa 15.6. Ya TG ni kama 6.2 kwa 4.6. Zidisha mwenyewe utaona moja inaizidi nyingine mara 13 kwa eneo. Saa mbili usiku, ua wa nyumba, taa mbili za njano zimefungwa juu ya mwembe, bibi harusi ana hina mpaka kwenye viwiko: sensa ndogo hapo inatoa picha yenye chenga, uso kama umepakwa mchanga, na maua ya hina yanaungana kuwa doa. Kubwa inayatenganisha.

Ila nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoumia, na mimi niliumia. Lenzi inayokuja na boksi ina tundu dogo. Hiyo ya R100 inaanzia f/4.5 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya TG, upande wa picha pana, ni f/2.0, inaingiza mwanga kama mara tano zaidi kwa kila sehemu ya sensa. Maana yake ile faida ya sensa kubwa unaila sehemu kubwa kwa lenzi dhaifu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nalaumu kamera, kumbe ni lenzi. Niliponunua ya milimita 35 yenye f/1.8 ndipo wateja wakaanza kuniita kwa jina. Kwa Canon ipo RF ya milimita 50, f/1.8. Usipoiweka kwenye hesabu, hujanunua kamera ya harusi, umenunua nusu yake.

Na chumvi yetu hii haihitaji wimbi. Lenzi yangu moja niliiweka juu ya kabati ndani ya mkoba wa ngozi, masika nzima. Nilipoitoa ilikuwa na nyuzi nyeupe ndani ya kioo, kama utando wa buibui. Ni ukungu, umeota ndani, na ulikuwa umekula tabaka la juu la kioo. Siku hizi naweka vifaa kwenye dumu la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Nikivuka kwenda Kitunda, kamera inafungwa mifuko miwili na siitoi mpaka nimekanyaga mchanga. Kuna picha za mashua nimezikosa kwa sababu hiyo. Nimekubali kuzikosa.

Mwanamwani

Ahsante kaka, hilo la lenzi hakuna aliyewahi kuniambia. Vipi nikinunua R100 na kuitafutia lile gamba la kuzamia?

Mzamiaji wa Msimbati

Dada, gamba la kweli la mirolesi linaweza kukuzidi bei ya kamera yenyewe. Yale ya mfuko wa plastiki nimeona watu wakiyatumia, nami singeingiza chombo cha hela yangu ndani yake.

Bibi wa Mtonya

Wanangu, neno moja nje ya kamera. Mwanamwani umetaja wali. Siku ya kutoka, ngoma iko uwanjani, watoto wamevishwa, hiyo piga, wazazi watafurahi. Ya ndani ni ya ndani. Ukiwa na kamera ndogo isiyoonekana mkononi watu watakuwa na wasiwasi na wewe zaidi, siyo kidogo. Iweke shingoni waione.

Mwanamwani

Shikamoo bibi. Nimepokea. Ya ndani sijawahi na sitagusa.

Bwana shamba, Tandahimba

Huku kwetu hakuna bahari, ila natumia kamera ya maji, Ricoh WG-6, na siibadilishi. Sababu yangu ni vumbi. Juni mpaka Agosti mikorosho ikitoa maua tunapambana na ugonjwa wa ubwiriunga, wakulima wanapuliza salfa ya unga, na salfa ile inaingia kila mahali, mpaka kwenye masikio. Kamera isiyoingiza maji haiingizi vumbi. Jioni naiosha bombani kama sahani. Jaribu kufanya hivyo na mirolesi, tena ya kubadilisha lenzi katikati ya shamba.

Nayo inasogelea. Mkulima akiniita kwamba machipukizi yanakauka, napiga kidonda karibu kabisa, naona kama ni ugonjwa wa blaiti au ni mdudu aitwaye mbu wa mikorosho ameng'ata. Picha nazituma kwa wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele nikiwa bado chini ya mkorosho. Mchana, jua lipo, sensa ndogo haina kosa lolote. Wanaozisema vibaya hizi kamera wengi wanazipima usiku.

Mtembeza wageni, Kilwa Masoko

Niongeze la magofu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, chini ya yale makuba, unahitaji picha pana, hakuna pa kurudi nyuma. Hapa watu wanadhani mirolesi itashinda. Lenzi ya 18 kwenye sensa ya Canon inaona kama milimita 29 za kamera ya filamu. TG inaona kama 25. Kamera ndogo inaona pana zaidi! Nilishangaa nilipoweka za wageni wawili sambamba.

Lakini angalia mlangoni. Ndani giza, nje jua la saa sita juu ya mawe ya matumbawe. Ile ndogo ilichagua moja, ama ukuta uonekane na mlango uwe mweupe kabisa, ama kinyume chake. Mirolesi kwenye faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata) ilibeba vyote viwili, mgeni akavivuta baadaye kwenye kompyuta. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yameingia urithi wa dunia tangu 1981, na mtu amesafiri mbali kuyaona, anataka kuta zionekane.

Ila kufika Songo Mnara unashuka kwenye mashua na kutembea majini kati ya mikoko. Yule wa mirolesi alivuka ameinua mkoba juu ya kichwa, mikono inatetemeka. Yule wa TG alivuka anapiga picha za miguu ya wenzake.

Fundi simu, Shangani

Naomba wote mnisikilize, maana vifaa hivi vinaishia mezani kwangu. Kamera za maji nilizowahi kufungua, maji yaliingilia mlango wa betri. Lenzi sijaona bado. Ule mpira unazeeka. Mtengenezaji mwenyewe anashauri ubadilishwe kila mwaka, na huku watu wanakaa nao miaka mitano. Ukinunua iliyotumika, usiamini neno "inazama". Angalia mpira kama una nyufa au umelala, uliza kama imewahi kudondoka kwenye sakafu. Kamera iliyogongwa inaweza kupiga picha vizuri kabisa nchi kavu na ikajaa maji siku ya kwanza.

Ikiingia maji ya bahari, toa betri hapo hapo. Usiiwashe kujaribu. Acheni kuifukia kwenye mchele, mchele hautoi chumvi, na chumvi ndiyo inayokula saketi. Isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, iletwe kwa fundi siku hiyo hiyo. Wengi wananiletea baada ya wiki, kijani kimeshaota kote, sina la kufanya.

Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto letu, iache ndani ya mkoba kwanza, nusu saa hivi. Usipofanya hivyo kioo kinatoa jasho, iwe ndogo iwe kubwa.

Mpigapicha, Lindi mjini

Mwanamwani, nikuulize. Kati ya hizo kazi mbili, ipi ukiikosa siku moja hairudi?

Mwanamwani

Nimelifikiria swali lako tangu jana kaka.

Harusi ina wapiga picha wengine. Hata nisipofika, mtu atapiga kwa simu. Kule Naumbu maji yakipwa mpiga picha ni mimi peke yangu, na hakuna mwenye kumiliki picha ya mama yule akiwa kazini kwake. Nanunua TG-7 na boya, pamoja na betri ya pili ili nisilazimike kuchaji kijijini. Chenji inabaki, naiweka kwa ajili ya lenzi ya f/1.8 msimu ujao, kabla hata sijajua itavaa mwili gani.

Mpigapicha, Lindi mjini

Mwili wangu wa zamani umelala kwenye dumu. Harusi zangu za Novemba ziko mbili, nahitaji mtu wa pili wa upande wa kina mama, huko mimi sikaribishwi. Njoo utumie huo, tutagawana.

Mwanamwani

Nitakuja, kaka. Ahsante sana.

Bamvua ni wiki ijayo. Nitaanza na kina mama wote, mmoja mmoja, uso wake na kamba yake, kabla sijapiga shamba. Jioni nasafisha picha mjini, na nyuma ya kila moja naandika jina na tarehe, ya kwake aibebe nyumbani. Beseni la maji ya bomba nimeshanunua.