Krimu ya ng'ombe wa nyumbani imezidi matumizi, na siagi yangu huharibika upesi: nakosea wapi?

Mama wa Tukuyu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Naishi Tukuyu, wilayani Rungwe, na tunaye ng'ombe mmoja chotara wa Jersey aliyezaa miezi miwili iliyopita. Maziwa ya asubuhi tunayapeleka kwenye kituo cha kukusanyia, lakini ya jioni hayana mpokeaji, kwa hiyo baada ya ndama na watoto kupata sehemu yao hubaki kama lita tatu, ambazo huzimimina katika sufuria pana na kuziacha hadi alfajiri. Krimu inayopanda juu huwa nzito kiasi kwamba upawa ukipita huacha mfereji nyuma yake. Naiengua, naiweka katika ndoo ndogo yenye mfuniko, na kufikia Jumapili huwa nina karibu lita tatu, ambazo familia ya watu sita haiwezi kuzimaliza kwa chai peke yake.

Nimejaribu kutengeneza siagi mara nne kwa kutikisa krimu katika dumu la lita tano. Mara mbili ilitoka laini kama uji mzito na haikushikana kabisa. Hata ile iliyoshikana, ikifika siku ya nne huanza kutoa harufu kali na kuwa chungu mdomoni, na juzi nililazimika kumwaga karibu kilo nzima, jambo lililoniuma sana kwa sababu nayajua mabingobingo niliyoyakata na kuyabeba ili kuipata. Jokofu tunalo, ila umeme haukai. Naomba mwenye ujuzi anieleze ninapokosea, na kama yapo matumizi mengine ya krimu hii nje ya siagi, ninayahitaji pia.

Mzee wa Kinangop

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kilo iliyopotea. Mimi ni mfugaji wa Kinangop, Kenya, na huku kwetu pia kuna baridi, kwa hiyo ninayokueleza ni mambo unayoweza kuyafanya hapo ulipo bila kununua mashine.

Kosa la kwanza liko katika ile ndoo. Krimu mbichi ya Jumatatu ikisubiri ya Jumapili, huchachushwa na bakteria ambao hukuwachagua, na ladha chungu unayoisikia huwa imekwisha kuanza kabla hujashika dumu. Lipo pia jambo la afya, ambalo ni zito kuliko ladha: ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe humfikia binadamu kupitia maziwa mabichi, na siagi ya krimu mbichi hubeba hatari hiyo hiyo. Kila krimu unayoiengua ipashe moto siku hiyo hiyo. Weka sufuria ya krimu ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka, koroga mpaka ifike nyuzijoto 65, ishikilie hapo kwa dakika 30, kisha ipoze haraka katika karai la maji baridi na uihifadhi mahali penye ubaridi. Kipimajoto cha jikoni kinastahili kununuliwa kwa kazi hii. Siku moja kabla ya kutikisa, changanya krimu yote, tia vijiko viwili vya mezani vya mtindi mzuri kwa kila lita, uiache nje ya jokofu usiku kucha. Itaganda kidogo na kuwa na uchachu safi, na siagi yake itakuwa na harufu nzuri zaidi.

Siagi laini kama uji inaniambia kwamba krimu yako ilikuwa na joto. Kiwango kinachofaa ni kati ya nyuzi 12 na 15. Huko kwenu, hasa Juni na Julai, ukiitikisa alfajiri baada ya kulizamisha dumu katika maji ya baridi kwa saa moja, utakipata bila shida. Usijaze dumu kupita nusu, kwa maana krimu huumuka na ikikosa nafasi haigongi pande za chombo, nawe utachoka bure. Mwanzoni utasikia mchapo wa maji, kisha sauti itafifia kabisa kana kwamba dumu limejaa sufi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Endelea. Ghafla mchapo utarudi, na mkono utahisi kitu kizito kikigonga. Fungua utazame: ukiona punje za manjano zinazolingana na mtama, simama hapo hapo. Ukiendelea mpaka liwe donge moja, utakuwa umeyafungia ndani maziwa unayotaka yatoke.

Hapa ndipo penye kosa la pili, kwa sababu hukusema popote kwamba uliiosha siagi yako. Chuja maji meupe yote, kisha mimina juu ya punje maji baridi yaliyochemshwa na kupozwa, zungusha taratibu, umwage, na urudie mpaka maji yatoke yakiwa maangavu. Kwa kawaida huwa mara tatu au nne. Baada ya hapo ikande kwa mwiko wa mbao juu ya ubao ulioinama huku ukikamua kila tone, na utie chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila robo kilo. Matone ya maziwa yanayobaki katikati ya siagi ndiyo yanayooza. Mafuta yenyewe hayana haraka hiyo.

Usishangae siagi ikiwa ya manjano sana wakati wa mvua na nyeupe wakati wa kiangazi. Rangi hiyo inatokana na majani mabichi, na ng'ombe anayelishwa mabua makavu hawezi kuitoa.

Bint Pangani

Dada, pole sana. Nakubaliana na Mzee kwa yote aliyoyasema, lakini kwa hali ya umeme uliyoieleza, ningekushauri siagi uiache iwe ya mkate wa asubuhi tu, na sehemu kubwa ya krimu uigeuze samli. Hata siagi iliyooshwa vizuri hubaki na maji, na maji ndiyo yanayoipa uhai mfupi, ilhali samli iliyopikwa sawasawa hukaa kabatini kwa miezi bila jokofu. Mama yangu alipika samli kila mwezi, na sisi hatukujua pilau wala chapati za mafuta mengine.

Weka siagi isiyo na chumvi katika sufuria nzito, moto mdogo, bila kufunika, kwa kuwa mvuke unatakiwa utoke. Itayeyuka, itatoa povu jeupe, kisha itaanza kutatarika kama mvua nyepesi juu ya bati. Huo ni mlio wa maji yanayoondoka. Usiondoke jikoni. Mlio ukipungua, sogeza povu kando kwa kijiko na uangalie chini: mafuta yatakuwa maangavu ya rangi ya asali changa, na machicha yaliyotulia yatakuwa yanageuka kahawia. Mlio ukinyamaza na harufu ikiwa kama ya karanga zilizokaangwa, epua mara moja, kwa maana kati ya kahawia na nyeusi ni dakika chache mno, na samli iliyoungua haina dawa. Mama alitia punje mbili za iliki zilizopondwa muda mfupi kabla ya kuepua. Chuja kwa kitambaa safi kikavu, umimine katika chupa iliyoanikwa juani, na kamwe usichote kwa kijiko chenye unyevu. Kilo moja ya siagi itakupa takriban gramu 800 za samli, na yale machicha ya kahawia ukiyakanda na unga wa chapati, watoto watayapigania.

Huku pwani malai ni ule utando mzito wa maziwa yaliyochemshwa, nao ni njia nyingine kwako: ukiyachemsha maziwa ya jioni kabla ya kuyatuliza, utakachoengua asubuhi kimekwisha kupita motoni, na kazi ya sufuria mbili itakuondokea.

Kuhusu matumizi mengine, majani ya maboga na ndizi za kupika huungwa vizuri kwa krimu badala ya nazi, ila itie mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa, kwa sababu krimu iliyochacha hukatika ikikutana na nyanya zinazochemka. Maandazi pia: punguza tui, ondoa mafuta ya kukandia, tia krimu.

Mkazi wa Nyamirambo

Salaam kwenu nyote kutoka Kigali. Naongeza njia ya bibi yangu wa Nyagatare, ambaye haengui kitu. Yeye huyaacha maziwa yote yagande, kisha huyasuka katika igisabo, kibuyu kikubwa anachokipakata na kukiyumbisha mbele na nyuma, huku akisimama mara kwa mara kukizibua ili hewa iliyojikusanya itoke. Siagi hutoka, na maziwa machachu yanayobaki hunywewa. Dada, dumu lako linafanya kazi ile ile, mradi ulifungue mara kwa mara, hasa krimu ikiwa imechacha. Maziwa yachemshwe kwanza, yapozwe, ndipo yatiwe mtindi wa kugandishia.

Mama wa Tukuyu

Nimerudi baada ya wiki mbili, nikiwa na shukrani nyingi. Maji ya kwanza ya kuoshea yalitoka meupe kama maji ya mchele, ya pili yakapungua, ya nne nikaweza kuona sehemu ya chini ya bakuli. Leo ni siku ya tisa na siagi haina harufu yoyote mbaya, ingawa umeme ulikatika mara mbili. Samli ya kwanza niliiunguza kidogo, ya pili imekuwa ya rangi ya asali kama alivyosema Bint Pangani, na majirani wawili wameomba kununua. Nina swali moja: maziwa yaliyoenguliwa krimu, naweza kumpa ndama badala ya yale anayopata sasa?

Mzee wa Kinangop

Hongera, mwanangu. Ndama wa miezi miwili usimbadilishie ghafla. Krimu ikitoka, huondoka na nguvu pamoja na vitamini A na D, kwa hiyo mwache na maziwa kamili mpaka awe anakula majani na pumba kwa kushiba, kisha umwongezee yaliyoenguliwa kidogo kidogo. Kwa sasa yachemshe uyagandishe kuwa mtindi wa watoto, na maji meupe ya siagi uyakandie chapati. Ama majirani, ukifika wakati wa kuifanya biashara kamili, ulizia usajili wa Bodi ya Maziwa Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, kabla hujaipeleka samli dukani.