Bakuli linachomoka kwenye chaki, nakosea wapi?

Randa_Mpya
Wakuu habari za jioni. Nina mwezi wa tatu na mashine ndogo ya kukereza mbao, miguu ya stuli na michi natoa freshi tu, sasa nimenunua chaki ya meno manne, kile kibano cha mashine kinachoshika mbao ikizunguka, nianze mabakuli. Nje nakereza bila shida, nikigeuza nichimbe ndani ndo balaa, nakaza chaki mpaka kiganja kinauma lakini bobari, ile patasi ya mdomo wa mviringo, ikigusa tu karibu na mdomo bakuli linachomoka. Jana limenipita sikioni likaenda kupasua ndoo ya mama watoto na bado sijasamehewa. Mti ni mwembe, upana sentimita 25. Au nimeuziwa chaki feki?

Mzee wa Vumbi
Pole, shukuru ni ndoo. Chaki acha kuisingizia, angalia kile kiulimi ulichoacha chini ya bakuli meno yashike. Kina alama nane ndogo ndogo?

Randa_Mpya
Mzee umejuaje?? Nane kamili, halafu kwa chini pamesuguka.

Mzee wa Vumbi
Basi una makosa mawili. Alama nane ni kona za meno, yaani umeyafungua sana yanashika kwa kona tu, meno yanashika vizuri yakiwa karibu kufunga duara. Na pamesuguka kwa sababu kiulimi ni kirefu kinagota ndani ya chaki, kwa hiyo bega, ile sehemu bapa inayokizunguka, halikalii meno. Bega ndo linazuia bakuli lisiyumbe, hata karatasi isipite hapo. Urefu milimita 6 inatosha. Ubavu wake kama meno yako yamelala mshazari usiukate wima, kiwe chembamba kule begani kinene nchani, meno yakibana yanakivuta ndani. Unene nao usibanie, theluthi ya upana wa bakuli hivi, kama meno hayafiki huko basi anza na bakuli la sentimita 18 kwanza. Ukiendelea kukaza tu unaponda mbao.

Binti Seremala
Na huo mwembe ni mbichi au mkavu? Mbichi unabonyea, ukikaza leo baada ya dakika tano umelegea, zima mashine ukaze tena. Kile kichwa cha nyuma chenye ncha kiache kimeegemea mpaka ukichimba katikati ndo ukitoe. Spidi usizidishe mizunguko 700 kwa dakika kwa huo upana, na usisimame usawa wa bakuli jamani, ndoo tutanunua nyingine

kk_mbao
mi mambo ya ulimi nilishaacha, nachimba kishimo chini natanua meno kwa ndani, kazi inaisha na unabaki na kitako kizuri

Mzee wa Vumbi
Kwenye mninga mkavu sawa. Kwenye mwembe mbichi kitako kikiwa chembamba ukitanua kinapasuka pa!

Randa_Mpya
Nimekata upya kipande cha sentimita 18, bega limekaa, nimechimba mpaka chini halijatikisika. Sasa hiki kiulimi nakitoaje?

Binti Seremala
Funga kipande cha mbao mbovu kwenye chaki, kikereze mpaka mdomo wa bakuli ukikalie kwa kubana, weka kitambaa katikati, sogeza ile ncha ya nyuma isukume kitako. Kata taratibu, kale kanundu kanakobaki chini ya ncha umalizie na patasi mkononi.