Polisi wa Marekani na magari ya vita, wanayatoa wapi?

Jamani hivi yale madude ya deraya hata polisi wa vimji vidogo kule wanayapataje?

— Mitumba ya jeshi hiyo mkuu. Kuna programu inaitwa 1033, Pentagon (wizara ya ulinzi) inawagawia vifaa vilivyozidi, hizo MRAP (ndo hayo magari ya deraya) ziliundwa kuhimili mabomu ya barabarani Iraki na Afghanistan, polisi wanalipia usafiri na matunzo tu, na sharti kifaa kianze kutumika ndani ya mwaka, sasa hapo si utatafuta tu pa kukitumia?

— Maandamano ya Ferguson, mji mdogo kule Marekani, 2014 ndo watu walishtuka, askari kakaa juu ya deraya anawalenga waandamanaji na bunduki. Obama akaubana ugawaji huo 2015, Trump akafungulia 2017.

— Ila mtu akifyatua risasi toka dirishani hilo gari linaokoa majeruhi. Tatizo kulipeleka kwenye msako wa bangi.