Ulikulia wapi, na pale palikufunza nini kuhusu "watu wengine"? Tupeane uzoefu

Baba Gredi 3
Wadau, kijana wangu yuko gredi ya 3 hapa Umoja. Jana karudi na kazi ya nyumbani: andika methali moja kwa lugha ya mama. Mama yake ni wa Busia, mimi wa Othaya. Akaniuliza, "Ya mama, ama yako?" Nikacheka, lakini usingizi ukakataa kuja.

Kwetu Othaya, mtu wa kabila lingine nilimjua mmoja tu: mwalimu wa hesabu kutoka Vihiga, mkali kama pilipili. Mpaka nashuka basi Nairobi 2003, Mluhya kwangu alikuwa mtu wa hesabu na kiboko. Nikaja kuoa mmoja, na hesabu zote za nyumba nafanya mimi. Nyinyi je?

Mtoi wa Makongeni
Sisi wa nyumba za reli, mfereji mmoja, choo kimoja, milango hiyo yote. Nilijua matusi ya makabila sita kabla sijajua kusoma.

Duka la Ngara
Mimi Mhindi, babu yangu kazaliwa hapa Ngara. 2017 serikali ikatutangaza kabila la 44. Wiki hiyo hiyo makanga akaniuliza narudi kwetu lini. Nikamwambia saa kumi na mbili, nikifunga duka.

Mama Wawili
😂😂 Kweli tupu.

Binti Kibra
Mmenikumbusha kitu. Tulipomaliza kidato cha nne tulienda kundi zima kuomba vitambulisho. Wenzangu: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi, alama za vidole, nenda nyumbani. Mimi nikaambiwa ningoje kamati ya mchujo, ile ya kuhoji kama wewe ni Mkenya.

"Babu yako alizaliwa wapi?" Kibra. "Na baba yake?" Nikasema alikuwa askari wa KAR, jeshi la mkoloni, Waingereza waliwatoa Wanubi Sudan wakawapa makao hapa pakiwa msitu, na msitu ndiyo maana ya jina lenyewe. "Leta karatasi." Karatasi za mtu aliyezikwa kabla ya uhuru! Nilienda mara saba. Mara mwenyekiti hayupo, mara nimekosa mzee wa kunishuhudia, mara muhuri wa chifu umefifia.

Ile siku mbaya kabisa haikuwa hata ya kamati. Rafiki yangu, tumekaa dawati moja miaka minne, akaniambia, "Si useme tu wewe ni Mluo uipate, twende?" Hakuwa na nia mbaya jamani. Alidhani ni foleni. Maishani mwake hajawahi kuambiwa athibitishe yeye ni wa wapi, angejuaje? Nililia kwenye matatu mpaka makanga akanirudishia nauli. Kitambulisho kilitoka baada ya miezi 14 na nafasi ya chuo ilikuwa imeshaenda.

Mzee Kijana
Pole, lakini kuhojiwa ni mambo ya usalama. Mpaka wetu uko wazi.

Binti Kibra
Mpaka upi, wa Kibra na Lang'ata?

Mzee Kijana
Usinirukie. Si Februari 2025 Rais alitia sahihi pale Wajir mchujo wa vitambulisho uishe? Mbona bado kilio?

Sekshen Wani
Sahihi ilitiwa Wajir. Karani bado yuko dirishani.

Mkamba wa Mashaka
Nyinyi mmeulizwa na serikali. Mimi nimeulizwa na wakwe. Mwaka jana tumepeleka mahari Meru, mzee wao akauliza ukoo wangu. Mjomba alikuwa ameshapiga vikombe vya muratina, akasema, "Huyu ukoo wake uko Kisii, sisi tulimlea tu." Nina miaka 31. Hema zima kimya, mbuzi tu ndiyo wanalia.

Mama Wawili
WUEH. Halafu??

Mtoi wa Makongeni
Mbuzi walirudi?

Mkamba wa Mashaka
Mbuzi walibaki. Mchumba alicheka mpaka akatoka nje. Mama hadi leo hataki maswali. Na mimi ndiye nilikuwa fundi wa vichekesho vya Wakisii kazini, vingine hata si vichekesho. Siku hizi mtu akianza "hawa Wakisii" kwenye matatu, shingo inageuka yenyewe.

Duka la Ngara
Usiende kuwatafuta. Aliyekulea ndiye kwenu.

Sekshen Wani
Nenda Desemba, beba sukari.

Mama Wawili
Jifunze salamu kwanza. "Bwakire." Wakikujibu haraka haraka, kimbia.

Mzee Kijana
Mnaona sasa? Watoto wafundishwe lugha zao mapema.

Mtoi wa Makongeni
Amefundishwa Kikamba safi, mzee. Soma tena.

Baba Gredi 3
Jameni, daftari linatakiwa kesho asubuhi na bado ni tupu. Mama yake anasema ya kwake, nyanya yake amepiga simu kutoka Othaya anasema ya kwake.

Binti Kibra
Nikupe ya Kinubi. Mwalimu hataweza kusahihisha.