Naomba ushauri: nepi za kitambaa na mvua za Tukuyu, niongeze vifaa gani?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nina mtoto wa miezi minne, tupo Tukuyu, na mvua ya huku mnaijua. Pampasi nimeziacha ziwe za safari tu, bei imenishinda. Nepi ninazo za kutosha: za pamba za mraba, na nyingine nimeshona kwa mashuka ya flana ya mtumba. Shida ni vikorokoro vyake.

Kubwa ni kukausha. Nepi ya taulo inashinda barazani kwenye kamba, jioni ukishika pindo bado bichi na imeshaanza kunuka uvundo. Mama mkwe anasema nitandaze juu ya tenga karibu na jiko la mkaa. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa, na mtoto ndani? Hapana, hewa ile inaua. Kuna anayetumia kianikio cha kukunja chenye vibanio vingi? Kinafaa ndani? Au nipige pasi tu, na umeme wa LUKU ndiyo hivyo tena?

Halafu chupi za plastiki za kuvalisha juu. Nilizopata soko la Mwanjelwa, Mbeya, ni ngumu, zinamwacha na alama mapajani. Kama kuna fundi anayeshona za kitambaa kisichopitisha maji, Mbeya mjini au hata Kyela, nielekezeni.

Pini na ndoo yenye mfuniko ninavyo. Sabuni ya kulainisha nguo situmii, inapunguza nepi kunyonya.

Na kile kitambaa cha kutandika ndani ili kinyesi kitoke kirahisi, kipande cha kanga kuukuu kinatosha au ninunue? Ndaga fijo, asanteni sana.