Mkono wa upinde umepopotoka: hewa moto, mvuke au nikwangue mbao?

Gome_Kavu:
Habari wakuu. Nimechonga upinde wangu mwenyewe, sasa mkono wa juu, yaani nusu ya juu ya upinde, umepopotoka, ncha inatazama pembeni. Nilikuwa nataka kununua mashine ya kupuliza hewa moto, ila jamaa kaniambia nisipoteze hela, sufuria ya maji yanayochemka inatosha. Mwingine anasema nikwangue upande mmoja tu. Nishike lipi? Nataka kuamua kabla ya wikendi.

TupaBapa:
Mti gani? Mbichi au mkavu? Una unene gani? Umeshapaka vanishi? Na kubwa kuliko yote: umepopotoka hata bila kamba, au unapopotoka ukishaufunga kamba? Hayo ni matatizo mawili tofauti na dawa zake ni mbili.

Ugwe_Mkali:
Nunua mashine mkuu, usizunguke. Paka mafuta ya mnyama sehemu iliyopopotoka ili isiungue, pasha taratibu huku unahamisha moto, usiukazie sehemu moja. Upande wa pili ukiwa wa moto kiasi huwezi kuushika, funga vipande viwili vya mbao ncha iwe katikati, vitumie kama mpini, popotoa kuelekea upande wa pili. Pitiliza kidogo maana lazima utarudi. Kaza kwa klempu (kibano cha kubania mbao), usiguse mpaka upoe kabisa.

MvukeKwanza:
Hewa moto inakausha mbao kupita kiasi na watu wanaunguza tumbo la upinde, upande unaokutazama ukivuta, kila siku. Mvuke unaingia mpaka ndani. Hesabu ya kawaida ni saa moja kwa kila milimita 25 za unene, upinde wako hautafika hata huko. Ukiutoa fanya haraka, mbao inapoa ukiwa bado unatafuta klempu.

Ugwe_Mkali:
Na baada ya hapo asubiri wiki ngapi ikauke? Hilo hulisemi.

Gome_Kavu:
Samahani wakuu. Ni robinia, mti wa mbao ngumu, gogo limekaa ndani miaka, kavu kabisa. Bila kamba umepopotoka kidogo, nikifunga kamba unazidi.

TupaBapa:
Basi una yote mawili. Kule kwa bila kamba kunataka moto. Kule kunakozidi ni nguvu ya kingo mbili kutolingana: mkono unaelekea upande dhaifu, kwa hiyo unakwangua upande wenye nguvu. Kwangua tumboni au ubavuni, mgongo, ule upande unaotazama shabaha, usiuguse. Na ujue kila unachokwangua kinapunguza nguvu ya upinde.

Chonga_Polepole:
Mimi ningeanza na tupa ndogo. Pale ncha inaposhika kamba, ongeza kina cha mfuo, kile kijia cha kushikia kamba, upande mmoja, kamba inahama. Ukiutazama upinde kwa nyuma na kamba inapita ndani ya upana wa mshiko, uache. Pinde zilizotolewa kwenye Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama 1545, ni zaidi ya 130, na waliozichonga waliacha vifundo vya matawi vimeinuka mgongoni badala ya kuvisawazisha. Walifuata mti unavyotaka.

MvukeKwanza:
Kifundo na kupopotoka vinahusiana vipi?

Chonga_Polepole:
Nasema kuhusu kupenda kunyoosha kila kitu. Soma taratibu.

Mzee_Randa:
Vijana, ngojeni niwaambie kuhusu huo moto. Kuna bwana aliniletea upinde mzuri sana niuangalie, mwembamba, umelingana, kazi ya mikono safi. Asubuhi kaupasha hewa moto, kaunyoosha ukawa kama mshale. Jioni ileile kaufunga kamba. Nikamwambia uache, mbao iliyotoka kwenye moto haina unyevu, inahitaji siku kadhaa kuuvuta tena hewani. Akasema umepoa, mbona ushike mwenyewe. Kweli ulikuwa wa baridi! Lakini kupoa na kurudisha unyevu si kitu kimoja. Akavuta nusu, akaongeza, mlio mmoja, kipande kikaruka juu ya paa, kingine kikamchana sikio. Nilichokasirikia zaidi ni kwamba aliondoka analaumu mti.

Ugwe_Mkali:
Hapo kosa ni haraka, si mashine.

Mzee_Randa:
Mashine ndiyo inayowapa haraka.

Nyuzi_za_Mti:
Hakuna aliyeuliza kuhusu gogo lenyewe. Nyufa zilikuwa zimezunguka gogo au zimeenda wima? Kama nyuzi zimezunguka, mti wenyewe ulikua umejisokota. Unaweza kuunyoosha, ila unyevu wa hewa ukibadilika, upinde unaweza kurudi ulikotoka.

Gome_Kavu:
Zimezunguka kidogo, ndiyo. Halafu nilisahau kusema, mgongoni nimebandika ngozi mbichi kwa gundi ya ngozi.

TupaBapa:
😂 Ndiyo maana nikauliza mapema.

MvukeKwanza:
Aa, basi mvuke sahau. Gundi hiyo inalainika kwa joto na maji, ngozi yote itabanduka.

Ugwe_Mkali:
Hewa moto bado inawezekana, pasha tumboni tu, mgongo ufunike kitambaa chenye maji.

MvukeKwanza:
Kitambaa chenye maji juu ya gundi inayoyeyuka kwa maji! Umesikia ulichoandika?

Ugwe_Mkali:
Kikavu basi, tena kizito. Ila ngozi mgongoni mwa robinia ya nini, mti wenyewe una mgongo imara?

Nyuzi_za_Mti:
Nyuzi zake zimezunguka, zinakatikia kwenye mgongo. Hapo ngozi ina kazi.

Ugwe_Mkali:
Hapo angebandika kano za mnyama, ngozi inaongeza uzito tu.

Mzee_Randa:
Kano hizo zinabandikwa kwa gundi ileile, kijana.

Gome_Kavu:
Kwa hiyo mashine ninunue au nisinunue?

Chonga_Polepole:
Tuwekee picha ya kamba ikiwa imefungwa, ipigwe kutokea nyuma. Na upana wa mshiko.